Carl Chun na Viumbe Wanaochukuliwa na Maji

Ndugu msomaji, Mbulu na Hanang hazina bahari. Kutoka Katesh hadi pwani ya Tanga ni kama kilometa 400, na wengi wetu hatujapata kuiona pwani hiyo. Maji makubwa tunayoyajua ni ya Ziwa Basotu, na ya Balangida yenye chumvi. Basi usishangae kwamba mzee mmoja wa darasa la jioni aliniuliza habari za bahari zinamhusu nini yeye, mfuga ng'ombe. Nilimjibu kwamba mvua inayootesha majani ya ng'ombe wake asili yake ni baharini. Hakuniamini mara moja. Nikamwahidi kumwandikia habari za mtu mmoja aliyetumia karibu maisha yake yote kuuliza maji ya bahari yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na yanachukua nini. Habari zenyewe ndizo hizi.

Mtu huyo aliitwa Carl Chun. Alikuwa Mjerumani. Huku kwetu jina lake halitajwi sana, lakini wataalamu wa viumbe wa baharini wanalijua duniani kote. Tena meli yake ilipata kutia nanga Dar es Salaam.

VIUMBE WASIOCHAGUA NJIA

Kabla ya kumfuata Chun, hebu tuelewe kwanza kitu alichokuwa akikitafuta.

Bila shaka umepata kupepeta ngano au mtama. Punje nzito huanguka miguuni pako. Makapi huchukuliwa na upepo. Makapi hayachagui pa kwenda: upepo ukigeuka, nayo hugeuka.

Baharini wako viumbe wengi mno wanaoishi kama makapi hayo. Wana uhai, wanakula na wanazaa, lakini hawana nguvu za kushindana na maji. Maji yakienda, nao wanakwenda. Mmoja wao ni yavuyavu. Huyu ni mnyama laini kama uji uliopoa, hana mfupa hata mmoja, na akikugusa huwasha kuliko upupu. Wengine ni wadogo kuliko punje ya ulezi. Wamo pia watoto wa wanyama ambao wakikua hukaa chini, kama kaa, kambakoche, pweza, na hata wale viumbe wanaojenga matumbawe. Mwaka 1887 Mjerumani mwingine, Victor Hensen, aliwapa viumbe hawa wote jina moja: planktoni. Neno hilo asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachotangatanga.

Je, maji yenyewe yanaendeshwa na nini? Maji ya juu huendeshwa hasa na upepo. Ndugu zetu wa pwani wanazijua pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Oktoba. Pepo hizi, pamoja na nyingine zinazovuma mbali katikati ya bahari, huyasukuma maji hata yakawa kama mto unaopita ndani ya bahari. Mto wa namna hiyo huitwa mkondo.

Uko mkondo mmoja mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki. Hufika Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, ukagawanyika. Tawi moja huelekea kusini. Tawi la pili hupanda kwetu, likapita Mtwara, Kilwa, Mafia, Dar es Salaam na Tanga. Kusi ikivuma, tawi hilo huenda mbio hata kilometa 5 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa haraka kwenda mnadani. Kaskazi ikivuma, mwendo wake hupungua. Tena huko kaskazini mwa Kenya hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia, na yote pamoja hugeukia mashariki, mbali na nchi kavu.

Kwa hiyo watoto wawili wa kambakoche, mmoja ameanguliwa Mtwara mwezi wa Julai na mwingine mwezi wa Januari, hawafiki mahali pamoja. Watoto wa kambakoche huelea kwa miezi mingi kabla ya kutulia chini. Njia yao huchaguliwa na upepo.

MTOTO WA HÖCHST

Carl Chun alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1852 katika mji wa Höchst, karibu na Frankfurt. Huko si pwani. Ukitazama ramani utaona kwamba Höchst iko mbali na bahari kama ilivyo Katesh. Alisoma elimu ya wanyama mjini Leipzig chini ya mwalimu aliyesifika sana, Rudolf Leuckart. Baadaye alimwoa binti wa mwalimu wake.

Kijana Chun alikwenda Naples, mji wa pwani huko Italia. Hapo Mjerumani mwingine, Anton Dohrn, alikuwa amejenga kituo cha kuchunguza viumbe wa baharini. Chun aliwapenda wanyama fulani wanaofanana kidogo na yavuyavu. Ni wangavu kama kioo. Mwilini mwao wana safu nane za vinywele vinavyofanana na vichanio, na kwa hivyo hujisukuma polepole. Lakini ukimtoa mnyama huyu majini humwoni tena mnyama. Unabaki na ute mkononi. Kazi ya kuwachunguza ilitaka subira ya mtu anayetoa mwiba kidoleni mwa mtoto. Mwaka 1880 Chun alitoa kitabu kikubwa juu yao. Miaka michache baadaye, mwaka 1883, akawa profesa huko Königsberg.

Naples ndipo alipokutana na fumbo. Wakati wa baridi maji ya juu yalijaa viumbe hawa. Joto la kiangazi likija, wengi walitoweka. Majira ya baridi yakirudi, nao walirudi. Walikuwa wapi? Je, walikufa wote? Je, mkondo uliwachukua ukawapeleka nchi nyingine, kisha ukawarudisha?

Ili kujibu, ilibidi kutazama chini zaidi. Na hapo palikuwa na ugomvi.

UGOMVI JUU YA MAJI YA KATI

Wakati huo wataalamu walikuwa wameshakubali kwamba juu ya bahari kuna uhai, na kwamba chini kabisa, kwenye tope, nako kuna uhai. Lakini vipi maji yaliyo katikati? Mtaalamu maarufu wa Marekani, Alexander Agassiz, alishikilia kwamba maji hayo ni matupu. Kwa maoni yake, viumbe wa juu hawashuki mbali, na wa chini hawapandi.

Wengine walibisha, lakini hawakuwa na ushahidi. Fikiri mwenyewe. Ukishusha wavu hadi meta 1,000 kisha ukauvuta juu, hupita katika maji yote njiani. Ukiukuta na viumbe, utajuaje kila mmoja ameingia akiwa kina gani? Ni kama kuswaga ng'ombe wako kutoka kijiji cha mbali, kupita katika makundi ya watu wengine bila kuangalia, halafu jioni useme wote walioingia zizini ni wako.

Mwaka 1886 Chun alitumia wavu uliotengenezwa na fundi wa kituo cha Naples, von Petersen. Wavu huo ulishushwa ukiwa umefungwa. Ulipoanza kuvutwa, maji yalizungusha panga dogo lililokuwa juu yake, nalo likafungua mdomo. Panga lilipoendelea kuzunguka, likaufunga tena. Hivyo wavu ulikula mahali pamoja tu, kisha ukapanda ukiwa umefunga kinywa.

Ukatoka na viumbe. Kutoka kina cha zaidi ya meta 1,000 ukatoka na viumbe, tena wamo na wale waliotoweka juu wakati wa joto. Hawakufa. Walikuwa wameshuka kwenye maji ya baridi, kama vile mfugaji anavyohama na mifugo yake kiangazi kikiwa kikali.

Agassiz hakukubali upesi. Ugomvi uliendelea miaka mingi, na mimi naona haukuwa ugomvi mbaya, maana kila upande ulilazimika kutengeneza wavu bora kuliko wa mwenzake.

Fumbo la Naples likamletea Chun fumbo kubwa zaidi. Walioisafiri bahari ya Ncha ya Kaskazini na bahari ya Ncha ya Kusini walikuwa wameona jambo la ajabu. Katika maji ya baridi ya ncha zote mbili walikuwamo viumbe waliofanana kabisa. Mmoja wao ni kiumbe mwembamba kama mshale mdogo. Lakini kati ya ncha hizo mbili iko bahari ya joto, kama hii yetu, na huko juu ya maji hawaonekani. Wamevukaje?

Mwaka 1897 Chun alitoa jibu lake. Kwa maoni yake hawakulazimika kuvuka juu. Maji ya baridi ni mazito, na hushuka chini. Wewe wa Mbulu unalijua jambo hili bila kufundishwa. Usiku wa baridi, ni wapi umande huganda na kuunguza mazao kwanza? Ni bondeni, kwa sababu hewa ya baridi imetelemka ikatulia huko. Maji ya ncha za dunia nayo hutelemka, kisha hutambaa polepole chini ya bahari ya joto. Anayepita ndani ya maji hayo haisikii hali ya joto iliyo juu yake. Kwa njia hiyo kiumbe wa baridi anaweza kupita chini ya Ikweta asijue kwamba amepita Afrika.

Lilikuwa wazo zuri. Lakini wazo si ushahidi, na ushahidi ulihitaji meli.

MELI IITWAYO VALDIVIA

Serikali ya Ujerumani ilikubali kutoa marki 300,000. Zilikuwa fedha nyingi sana. Meli ya moshi iliyoitwa Valdivia ilitengenezwa upya, ikawekewa vyumba vya kufanyia uchunguzi na kamba ndefu za chuma. Nahodha wake alikuwa Adalbert Krech. Gerhard Schott alipewa kazi ya kupima joto la maji na mikondo. Ernst Vanhöffen alishughulikia yavuyavu. Alikuwamo pia mchoraji, kwa sababu viumbe wa kilindini hupoteza rangi mara wakifa. Chun alikuwa mkuu wao wote. Mwaka huohuo wa 1898 alikuwa ameitwa Leipzig kushika nafasi ya Leuckart, ambaye alikuwa amefariki.

Walitoka Hamburg mwisho wa Julai 1898. Walishuka upande wa magharibi wa Afrika hadi Cape Town, kisha wakaelekea kusini kwenye barafu. Tarehe 25 Novemba 1898 walikiona kisiwa cha Bouvet, ambacho kiligunduliwa mwaka 1739 kisha kikapotea, maana mahali pake paliandikwa vibaya kwenye ramani. Manahodha wakubwa walikuwa wamekitafuta wakashindwa.

Katika bahari ile ya barafu watu wengi waliamini hapana kina kirefu. Valdivia ilishusha uzi wa kupimia, ukateremka zaidi ya meta 5,000. Mlima wetu wa Hanang una meta 3,417. Ungeutumbukiza mle wote, kilele kingefunikwa, na juu yake meli ingepita bila kugusa kitu. Na maji ya huko chini yalikuwa ya baridi sana, hayo hasa ambayo Chun aliyafikiria, yanayotambaa kwenda kaskazini kuelekea kwetu.

Safari haikuwa rahisi. Daktari wa meli aliugua akafa kabla ya kurudi kwao. Nyavu zilipasuka, na kamba zilikatika. Lakini waliendelea, wakapita Sumatra na Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Kisha wakaelekea magharibi, wakapita Visiwa vya Shelisheli, na mwezi wa Machi 1899 wakaingia bandari ya Dar es Salaam.

MACHI 1899

Hapa, ndugu msomaji, naomba usome polepole.

Wakati ule Wajerumani walikuwa watawala wa nchi yetu. Valdivia ilipofika, kaskazi ilikuwa ikikaribia kwisha. Mabaharia walipakia makaa na chakula. Baadaye waliondoka wakashusha vyombo vyao kati ya Unguja na bara, wakachota viumbe kutoka kina cha zaidi ya meta 400. Kisha wakapanda kufuata pwani ya Afrika Mashariki hadi Aden, wakipima joto la maji kila mara.

Lakini bara hali ilikuwa nyingine. Katika miaka hiyo, kuanzia 1897 hadi 1900, mvua zilishindwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Ukambani, Usambara na kwingineko watu walikufa kwa njaa. Ng'ombe wengi walikuwa wameshakufa kwa sotoka miaka michache kabla. Tena serikali ya Wajerumani ilikuwa imeanza kudai kodi ya nyumba.

Basi tazama hali ilivyokuwa. Juu ya maji iko meli yenye vipimajoto vizuri kuliko vyote vya wakati ule, inapima Bahari ya Hindi. Nchi kavu watu wanatazama mbingu. Jambo lililowaua wale wa bara lilihusiana na maji yaleyale yaliyopimwa na wale wa melini, lakini hakuna aliyejua, si Chun wala mtu mwingine. Simlaumu kwa kutojua. Ila kila nisomapo habari za safari hii huwaza kwamba walio melini na walio na njaa walikuwa karibu sana.

Ilipita miaka 100 kamili. Mwaka 1999 wataalamu walieleza kwamba joto la Bahari ya Hindi hubembea kama mizani. Mwaka mwingine upande wa Afrika huwa na joto kuliko kawaida, na upande wa Sumatra hupoa. Pepo hubadilika na mikondo hubadilika. Mvuke mwingi huinuka karibu nasi, na mvua ya mwisho wa mwaka huwa kubwa mno. Mizani ikilalia upande wa pili, mvua huwa haba. Wazee wanaukumbuka mwaka 1961. Wengine tunakumbuka mvua za 1997 na za 2019.

Mwaka 2023 nao ulikuwa hivyo. Maji ya upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua ilikuwa nyingi. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 udongo uliolowa wa Mlima Hanang uliporomoka. Tope, mawe na miti vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sina haja ya kukueleza zaidi, huenda wewe ulikuwapo. Mvua pekee siyo sababu yote ya maporomoko, maana mteremko wa mlima na hali ya udongo navyo vina sehemu yake. Lakini mzee wangu wa darasa la jioni aliponiuliza bahari inamhusu nini, nilikumbuka alfajiri ile.

KAZI BAADA YA SAFARI

Valdivia ilirudi Hamburg mwanzo wa Mei 1899. Chun alikuwa na chupa na mitungi mingi iliyojaa viumbe. Jambo la kwanza lililokuwa wazi ni kwamba maji ya kati si matupu. Popote nyavu za kujifunga ziliposhushwa, zilitoka na uhai, ingawa ulipungua kadiri ya kina. Na yule kiumbe wa mshale alipatikana tena katika bahari za joto, si juu, bali chini kwenye maji ya baridi, kama Chun alivyowaza. Si kila alichowaza kilikuwa sawa. Baadhi ya viumbe wa ncha mbili waliodhaniwa kuwa wamoja walikuja kuonekana kuwa wa aina mbili walipotazamwa vizuri. Lakini mwaka 2000 wachunguzi walilinganisha vinasaba vya viumbe wadogo wenye magamba kutoka ncha zote mbili, wakaona kwamba kweli wameendelea kuchanganyika kwa kuvuka bahari ya joto.

Chun alijichagulia kuandika juu ya ngisi na pweza. Mwaka 1903 alimpa jina mnyama mmoja mweusimwekundu wa kilindini, mwenye utando kati ya mikono yake kama mwavuli. Kwa sura yake ya kutisha alimwita mnyonya damu wa jehanamu. Maskini mnyama huyu alionewa. Leo inajulikana kwamba hanyonyi damu ya mtu. Hula takataka na mabaki ya viumbe yanayodondoka polepole kutoka juu. Chun alidhani ni pweza, kumbe si pweza hasa wala si ngisi. Yuko peke yake.

Vitabu vya safari ile havikuisha upesi. Wataalamu wengi waligawana mitungi, kila mmoja akaandika juu ya wanyama wake. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1902. Cha mwisho kilitoka mwaka 1940, vikawa 24. Chun mwenyewe hakuviona vyote. Alifariki Leipzig tarehe 11 Aprili 1914, akiwa na umri wa miaka 61. Miezi michache baadaye vita kuu ilianza, na utawala wa Wajerumani katika nchi yetu haukudumu baada ya hapo.

Viumbe wengi wa Valdivia wamehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin, ndani ya vioo vyenye spiriti. Wamo waliovuliwa kati ya Unguja na bara mwezi ule wa Machi. Ndani ya kila kioo mna kikaratasi kinachosema mahali na kina. Na maji yale walimovuliwa yalikwisha kupita siku nyingi, yakaenda kaskazini na mkondo.